Jinsi Nilivyochanganya Ndoa za Parokia

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilikuwa na maoni juu ya kila kitu isipokuwa maisha yangu. Ungeniuliza nani apange kikosi cha timu ya taifa, ningekupangia mpaka wa akiba. Ungeniuliza kwa nini mchele wa kwetu Kibaoni unanukia mpaka kwa jirani, ningekueleza ukachoka. Lakini mtu akigusia nitasoma kozi gani chuoni, ghafla nilikumbuka kwamba nimeacha maharage jikoni.

Nilikuwa nimesoma uchumi, jiografia na hesabu, na mchepuo huo una balaa lake. Aliyesoma biolojia anajua kabisa njia yake inaelekea hospitali. Sisi tulioshika hesabu na uchumi tuliachiwa milango miwili wazi, tukaambiwa tuchague wenyewe. Mmoja ulikuwa sayansi ya kompyuta, mwingine biashara. Kila asubuhi niliamka mtu wa kompyuta, na ikifika saa sita mchana nilikuwa nimeshahamia biashara, na jioni nilichukia zote mbili. Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliotakiwa jeshini mwaka ule, kwa hiyo sikuwa hata na kwata ya kunichosha. Nilikaa nyumbani nikisubiri dirisha la maombi lifunguliwe, nikajichosha kwa mawazo.

Kusema kweli, kompyuta niliitaka kwa sababu sikuijua, na biashara niliiogopa kwa sababu niliijua. Shuleni kwetu kulikuwa na chumba cha kompyuta ambacho katika miaka yangu miwili kilifunguliwa mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na wageni. Ile mara ya pili nilifanikiwa kubonyeza kitufe kimoja kabla mwalimu hajanitoa nje. Kioo kilikuwa cheusi, nilipobonyeza kikawaka. Sikujua nimefanya nini, na kutokujua huko kulinikaa kichwani mpaka siku ya mtihani.

Biashara nayo nilizaliwa ndani yake. Mama ana mashine ya kukoboa mpunga, pale kando ya barabara ya kwenda Mpanda, na mimi nimekua juu ya magunia. Nilijifunza kutembea nikishika gunia. Mama hakuwahi kuficha anachotaka: nisome biashara, nirudi, tupanue. Ukutani mwa banda lake, upande usio na vumbi sana, kulikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa meza moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka gunia pale hata msimu wa mavuno, watu wanapokosa mahali pa kukanyaga. Kibarua mgeni akiweka, mama alimwambia atoe, pale pana mtu. Huyo mtu nilikuwa mimi, na meza yenyewe ilikuwa bado haijanunuliwa.

Sasa ungemwambiaje mama wa namna hiyo kwamba umevutwa na kitufe?

Baba ndiye aliyeamua tufanye jaribio. Baba ni mkulima wa mpunga siku sita na katekista siku ya saba, na kazi zote mbili anazifanya kwa utaratibu uleule. Kabla ya kupanda, hakubali mbegu kwa maneno ya muuzaji. Anahesabu punje kumi, anazifunga kwenye kitambaa kibichi, anakiweka kona ya jiko penye joto. Siku zikitimia anafungua na kuangalia ngapi zimeota. Zikiota nane au tisa, anapanda. Zikiota nne, anamrudishia muuzaji mbegu zake pamoja na maneno machache ya Injili.

Basi jioni moja alitangaza kwamba na mimi nitafungwa kwenye kitambaa kibichi, mara mbili. Wiki mbili nifanye kazi kwa mama kama mfanyabiashara, siyo kama mtoto wa nyumbani. Wiki mbili nyingine niende ofisi ya parokia, ambako Baba Paroko alikuwa amepewa kompyuta na wafadhili na hakuwa na mtu wa kuiwasha. Mwisho wa mwezi tutafungua vitambaa, halafu twende Mpanda kujaza maombi. Mama alikubali haraka mno, akiwa na uso wa mtu anayecheza mpira nyumbani kwake.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akisikiliza. Yeye huniita mke mwenza, kama bibi wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na haki ya kunitania anaitumia yote bila kubakiza. Aliuliza kama hiyo kompyuta inaweza kupiga mpunga. Akaambiwa haiwezi. Akauliza kama inaweza kumtafutia mke mwenza wake mume, maana naye anazeeka. Baba akamwambia haiwezi.

"Basi nyie mnahangaika bure," alisema bibi, akaendelea kuchambua mboga.

Nikaanza kwa mama. Ilikuwa katikati ya msimu, wateja wanatoka Usevya na Majimoto na mpunga kwenye mikokoteni, kwenye pikipiki, wengine kichwani. Magunia yote yanafanana. Yanahamishwa, yanapangwa, yanaporomoka, yanatolewa juani yakiwa na unyevu na kurudishwa ndani, na mwisho wa siku kila mtu lazima aondoke na mchele wa mpunga wake, kwa sababu mkulima wa kwetu huku Mpimbwe anaujua mchele wake kama anavyomjua mtoto wake.

Mama ana namna yake ya kushughulikia hilo. Anachukua kitenge kilichochakaa, anachana kipande chembamba, anakigawa katikati. Nusu anaifunga kwenye mdomo wa gunia, nusu anampa mwenye mzigo. Kwa siku moja hatumii kitenge kimoja kwa watu wawili. Ukija kuchukua mzigo unatoa nusu yako, wanatafuta nusu mwenzake, basi. Hata magunia yakirundikwa mpaka darini, nusu haiachi gunia lake.

Mimi na elimu yangu ya kidato cha sita niliona ule ni ushamba. Siku ya pili nikaleta chaki, nikaandika namba kwenye magunia yote kwa mwandiko mzuri. Mama aliniachia. Kufika saa saba vumbi la pumba lilikuwa limekula namba zote, na nilikuwa na wateja kumi na mmoja mbele yangu, kila mmoja akidai gunia lililo karibu na mlango. Mama alitoka ndani na kitenge mkononi, akaanza kuchana. Alichana polepole kuliko ilivyohitajika, ili niangalie vizuri.

Sitaki kudanganya, kazi ile ilikuwa na raha yake. Nilipenda kelele, nilipenda kuitwa bosi mdogo, nilipenda habari zote za wilaya zilizopitia pale kabla ya kufika redioni. Tatizo lilikuwa mdomo wangu na hasira zangu. Mzee mmoja aliruka foleni, nikamrudisha nyuma mbele za watu, kumbe ni baba mkwe wa mwenyekiti wa kijiji. Halafu akaja mfanyabiashara kutoka Tabora, amevaa miwani ya jua ndani ya banda, akaniuliza kama mchele wote ni wa msimu huu. Nikamjibu ukweli wote, kwamba ule wa kushoto ni wa mwaka jana, na kwamba kwa jirani upo mpya. Alinishukuru sana, akaenda kwa jirani.

Mama alicheka kuhusu yule mzee. Kuhusu huyu wa Tabora hakucheka.

Pamoja na hayo, wiki mbili zilipoisha mama alimwambia baba kwamba punje nane zimeota, na nyingine mbili zimechelewa tu kwa sababu ya mdomo. Baba akasema hasomi matokeo ya kitambaa kimoja. Mimi nilijitazama nikaona kweli ninaweza kazi ile. Nilichokuwa sijui ni kama ninaitaka.

Ofisi ya parokia ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi wa buluu na akina mama wa jumuiya, na Baba Paroko aliiheshimu kwa kutoigusa kabisa. Alinikabidhi vitabu vya ndoa vya miaka thelathini, vya kuandikwa kwa mkono, vyenye madoa ya mvua na ya mende, akaniambia niviingize vyote mle ndani kabla mende hawajamaliza kazi yao. Nikaanza kwa vidole viwili. Bwana arusi safu ya kwanza, bibi arusi safu ya pili, kigango, yaani kanisa dogo la kijiji chao, safu ya tatu. Siku ya tatu niliwafikia baba na mama yangu, nikawaandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko wengine, halafu nikaona aibu nikazipunguza.

Nilikuwa sijui lolote. Kila nilichokifahamu nilikifahamu kwa kukiharibu kwanza. Lakini nilikwenda kazini mapema kuliko aliyetumwa, na Jumamosi ya pili nilikuwa nimemaliza vitabu vyote. Kwenye ukurasa wa pili nikaandika ndoa saba mpya, ambazo tangazo lake la kwanza lilikuwa lisomwe kesho yake kanisani. Baba Paroko akapita haraka, anawahi kigango cha mbali, akaniambia tu niwapange kwa alfabeti ili orodha ipendeze.

Nikachagua safu ya mabwana arusi, nikabonyeza pa kupanga, kwanza ukurasa wa vitabu, halafu ukurasa wa wale saba. Mashine ikaniuliza swali. Lilikuwa swali refu kidogo, na mimi nilikuwa na njaa, nikalijibu kama ninavyojibu maswali yote ya mashine, kwa kubonyeza kile kilicho karibu. Mabwana arusi wakajipanga vizuri sana, kuanzia A mpaka mwisho. Mabibi arusi hawakusogea hata mmoja. Walibaki kwenye viti vyao wakisubiri, na waume wapya wakaja wakakaa kando yao.

Sikuona. Nilichapa zile ndoa saba, nikazipiga muhuri, nikaziweka kwenye bahasha ya kaki, nikampelekea baba, maana Jumapili ile padre hakuwepo na baba ndiye aliyekuwa anaongoza ibada.

Majina sitayataja, wote wako hai na wana kumbukumbu nzuri. Kanisa lilikuwa limejaa. Mavuno yakiwa mazuri watu wa kwetu wanamkumbuka Mungu kwa wingi. Nilikaa benchi la tatu na bibi, mama akiwa upande mwingine na wenzake wa kwaya. Baba akafungua bahasha, akakohoa, akaanza kusoma matangazo ya ndoa kwa ile sauti yake ya Jumapili, ambayo haitofautishi kati ya Maandiko Matakatifu na taarifa ya kikao cha usafi.

Ndoa ya kwanza ilikuwa ya kijana fundi pikipiki wa pale stendi, ambaye kila mtu alijua amechumbia binti mmoja mtulivu wa kwaya. Baba akatangaza kwamba kijana huyo atamwoa mama mjane anayeuza dagaa wa Kapalamsenga sokoni, mama mwenye wajukuu wanne. Watu wakageuka. Ndoa ya pili, mwalimu mstaafu, mzee wa fimbo na koti, ambaye ndiye hasa aliyekuwa mchumba wa huyo mjane, akatangaziwa yule binti wa kwaya. Mgongo wa binti niliuona ukinyooka.

Baba alielewa kwenye ndoa ya tatu. Mimi ninamjua, nilimwona akisita, jicho likaenda kwenye muhuri wa parokia, likarudi. Katekista hasahihishi karatasi ya Paroko mbele ya waumini. Akaendelea. Alisoma zote saba kwa sauti ileile, huku minong'ono ikipanda nyuma kama maji yanayokaribia kuchemka. Ndoa moja tu ilibaki kwenye mstari wake, na ilikuwa ile ambayo kijiji kizima kilikuwa kikisema hailingani.

Halafu akafika mahali ambapo hakuna namna ya kuparuka. Aliwauliza waumini, kama taratibu zinavyotaka, iwapo kuna mtu anayejua kizuizi chochote kwa ndoa hizi. Nusu ya kanisa ikasimama.

Wakati baba anatafuta aanzie kwa nani, mama muuza dagaa alikuwa bado amekaa. Alimtazama fundi pikipiki kuanzia viatu mpaka nywele, bila haraka, kama anavyotazamwa samaki sokoni.

"Kwa upande wangu," alisema, "sina kizuizi."

Bibi yangu alicheka mpaka rozari ikamdondoka. Kanisa lote likafuata, hata mwalimu mstaafu mwenyewe alipiga fimbo chini kwa kicheko, hata binti wa kwaya mwishowe, ingawa machozi yalikuwa yamemtoka. Mimi peke yangu nilikuwa ninatafuta pa kuingia chini ya benchi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa nimemwaibisha baba mbele ya watu ambao kwa miaka yote hawajawahi kumsikia akikosea hata zaburi.

Nyumbani baba alikula kwanza. Alipomaliza akanawa mikono, akasema kwamba leo ameozesha watu kumi na wanne, na kumi na wawili kati yao amewapeleka nyumba zisizo zao. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Mama alitoa vyombo. Alipopita nyuma ya baba alisema kwa upole kabisa kwamba kitambaa cha pili kimefunguliwa na mbegu imeoza, na Jumatano twende Mpanda tukajaze biashara, yaishe. Baba akaitikia kwa kichwa. Hata mimi niliitikia. Nilijiambia kwamba nimepona, sasa nina jibu, na nikashangaa kwa nini jibu lenyewe halinifurahishi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini kuomba msamaha na kukabidhi ufunguo. Baba Paroko alikuwa ameshasikia. Alijaribu kunikemea mara mbili, mara zote mbili akashindwa, akaenda kusimama dirishani mabega yakimtikisika. Aliporudi alifuta macho akaniuliza jambo moja tu, kama inawezekana kuizuia mashine isifanye hivyo tena.

Nikasema ngoja nitazame. Nikakaa. Na hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimechanganya zile saba peke yake. Ukurasa wa vitabu nao nilikuwa nimeupanga vivyo hivyo. Ndoa za miaka thelathini zote zilikuwa zimeachanishwa. Nilikuwa nimewagawa upya waume wa tarafa nzima kwa alfabeti, wakiwemo marehemu.

Kitu cha ajabu ni kwamba sikulia. Nilivuta kiti karibu. Nilifungua kitabu cha kwanza, nikaanza kuwarudisha mmoja mmoja, na wakati ninawarudisha kichwa kinauliza: sasa nikiwarudisha, kesho mwingine mwenye njaa akija akabonyeza kama mimi, si watatawanyika tena? Shida ilikuwa nini hasa? Shida ilikuwa kwamba bwana yuko safu yake, bibi yuko safu yake, na hakuna kinachosema hawa ni wa pamoja isipokuwa kukaa jirani. Ni magunia yaliyowekwa karibu na mlango.

Nililiona banda la mama kichwani. Nikaongeza safu mbili, moja kando ya mabwana, moja kando ya mabibi, na kila ndoa nikaipa alama yake. Alama ileile kwa bwana, alama ileile kwa bibi, na hakuna ndoa mbili zenye alama moja. Nikawapa na rangi pia. Halafu, kwa makusudi, nikanakili ukurasa mmoja wa majaribio, nikauchanganya, mabwana huku, mabibi kule. Nikaiambia mashine itafute nusu kwa nusu. Wakarudi wote. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Nikachanganya tena, wakarudi tena. Sijui nilirudia mara ngapi.

Sikujua kwamba mama yuko mlangoni. Alikuwa amekuja kunitafuta, maana nilimwahidi kurudi mchana kumsaidia na sasa ilikuwa saa kumi jioni. Kilemba chake kilikuwa na vumbi la pumba. Sijui alisimama pale muda gani.

"Unafanya nini?" aliuliza.

Nikamwambia ninawarudisha watu kwa wenzao, na kwamba nimefika ndoa za mwaka waliofunga wao. Akasogea, akainama kwenye kioo.

"Na mimi hapo nimeolewa na nani?"

Nikatazama. Nikamwambia kwa sasa ameolewa na yule mzee wa kengele, na baba yuko na dada wa mwenye duka la dawa.

"Nirudishie mume wangu," alisema mama.

Nikamrudishia. Nilimwonyesha jinsi inavyofanyika: hii rangi ya kijani ipo kwake, na hii ya kijani ipo kwa baba, hata ukiwatupa kona mbili za ukurasa zinatafutana. Nikamwambia ni vitenge vyake. Nikamwambia sikukitoa kitabuni wala kwa mwalimu, nimekitoa bandani kwake. Alinyoosha kidole akagusa ile rangi kwenye kioo, na kidole kikaacha alama ya vumbi.

"Umekula?" aliuliza mwishowe.

Nikasema bado.

"Kwenye mashine yangu ulikuwa unaulizia chakula saa nne asubuhi. Kila siku. Leo saa kumi hujala, na hata hujui."

Ilikuwa kweli, na sikuwa nimeiona mpaka alipoisema. Tulifunga ofisi, tukarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Jioni baba alipouliza Jumatano tuondoke saa ngapi, mama alimwambia mbegu imeota, ila siyo ile ya kwake. Baba akamkumbusha ya Jumapili.

"Wewe uliitazama Jumapili," alisema mama. "Mimi nimeitazama leo."

Jumatano tulipanda basi, mama na mimi. Njia ya Mpanda inapita katikati ya hifadhi, na mbung'o wa Katavi hawajali kwamba mtu ana mawazo. Waliniuma mpaka Sitalike. Nililia kidogo upande wa dirisha, mama akaniuliza, nikasema ni mbung'o. Akasema na yeye wamemuuma.

Mjini tuliingia steshenari moja, kijana wa pale ndiye anayejazia watu maombi. Akaingiza namba yangu ya mtihani, akasubiri mtandao, halafu akauliza chaguo la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini ulimi ukagoma. Nilimwona mama pembeni na pochi yake mapajani, nikaona ile nafasi ya meza ukutani, nikashindwa kabisa kutamka.

"Andika kompyuta," alisema mama.

Kijana akaandika. Akauliza la pili.

"Biashara. Weka hapo chini, yenyewe imezoea kusubiri."

Tuliporudi Kibaoni hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, na kesho yake nilipopita nikakuta ile nafasi ya ukutani ina magunia sita, yamepangwa vizuri. Nilisimama pale nikayatazama. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilikuwa na huzuni, na vyote viwili vilikuwa vyangu.

Nilichaguliwa kusoma kompyuta. Miezi ile iliyobaki nilimsaidia mama bila kubishana na baba mkwe wa mtu yeyote. Wale saba walifunga ndoa na watu waliowataka, na mama muuza dagaa mpaka leo akimwona fundi pikipiki humuuliza kama bado anafikiria. Bibi naye alipoambiwa sasa ninaweza kuwarudisha waume waliopotea, alisema basi nimtafutie marehemu babu, ila nisiwe na haraka.

Siku ya kuondoka baba aliniombea, bibi akanipa karanga na onyo, na mama akanisindikiza stendi. Begi langu lilikuwa la rangi nyeusi, sawa na mabegi ya wanafunzi wengine wote waliokuwa wanapanda. Kondakta alipotaka kulitupia chini ya basi, mama akamwambia asubiri. Akatoa kwenye pochi kitenge chake cha njano, kile cha Pasaka, ambacho hakikuwa kimechakaa hata kidogo. Akakichana. Akagawa kipande katikati, nusu akaifunga kwenye mpini wa begi, mafundo mawili.

Nikanyoosha mkono kupokea nusu ya pili, maana ndivyo inavyokuwa, nusu ya pili anapewa mwenye mzigo. Mama aliikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.